Gari Linakata Pumzi Mlima wa Munanila

Jumanne, 4 Novemba 1975. Kasulu

Munanila leo. Sanduku la barafu, mizani, suruali za kupimia watoto, maziwa ya unga, vyote nimepakia mwenyewe tena. Mzee Hamisi bado yuko wodini Kabanga na mshono wake wa ngiri. Kwa hiyo nesi ndiye dereva na dereva ndiye nesi. Silalamiki. Kuendesha napenda. Baba alinifundisha kwenye gari la shamba la mkonge kule Korogwe kabla sijajua kushika sindano, na leseni ninayo.

Lakini leo Landrova imenishangaza. Mlima wa kuingia Munanila, gia ya pili, nakanyaga mafuta, gari likakata pumzi. Halikuzima. Lilisita kama mtu aliyepaliwa, kisha likaruka mbele kwa kishindo. Mizani ikaanguka huko nyuma. Likarudia kwenye kona ya mikaratusi. Likarudia tena karibu na kanisa.

Watoto wengi mno. Wanawake wanasema surua imeingia vijiji vya mpakani. Chanjo imeniishia foleni ikiwa bado ndefu. Mama mmoja, Anjelina, amekuja na mapacha wake, Bukuru na Butoyi. Ametembea tangu alfajiri. Nimewapima uzito, nikamwambia arudi Jumanne ijayo awe wa kwanza kwenye foleni. Akacheka, akanipa ndizi.

Kurudi, mteremko mtupu, gari halikusita hata mara moja.

Alhamisi, 6 Novemba

Rungwe Mpya. Barabara ya tambarare, nikawa najaribu. Nikikanyaga taratibu, linakwenda. Nikikanyaga kwa ghafla, linasita. Likishashika mwendo, halina neno. Kwa hiyo ugonjwa uko pale pale ninapoomba nguvu.

Nimemweleza Bwana Lugendo, msimamizi wetu wa usafiri. Akachukua funguo, akazunguka kituo, akaenda mpaka sokoni, akarudi anatabasamu.

"Haina kitu, dada. Gari inajua mguu wa mwenyewe."

Wahudumu waliokuwa barazani wakacheka. Hata Mama Rehema wa jikoni alicheka, na huyo ni rafiki yangu.

Nimekasirika mpaka sasa. Sokoni hakuna mlima. Na yeye anaendesha kama anayepeleka mayai.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimefungua chujio la petroli. Uchafu kidogo, maji hakuna. Nimelisafisha. Nimepuliza tundu la mfuniko wa tangi. Plagi zote nimezitoa, nikazisugua kwa brashi ya waya. Rangi yake nzuri, kahawia.

Nikaenda kujaribu mlima wa kuelekea Kabanga. Likasita, kwikwi ileile.

Mikono inanuka petroli. Nimeosha kwa sabuni ya hospitali, kwa majivu, kwa ndimu. Bado.

Jumapili, 9 Novemba

Sikutoka. Nimefua. Nimepika migebuka na ugali wa muhogo. Nimewaza gari siku nzima. Sipendi kuwaza gari Jumapili.

Jumanne, 11 Novemba

Siku mbaya kuliko zote tangu nihamie huku.

Mvua ilinyesha mpaka karibu na asubuhi. Mlima wa Munanila tope jekundu tupu. Nilijua nikipoteza mwendo sipandi. Nikaingia gia ya pili mapema, nikashika usukani sawasawa. Kona ya mikaratusi nikakanyaga. Likakata pumzi. Safari hii lilisita zaidi, na lilipotaka kuruka, magurudumu yalikuwa yameshaanza kuteleza. Tukarudi kinyumenyume. Breki hazikufaa kitu. Gurudumu la nyuma likaingia mtaroni, gari likalala ubavu kidogo, sanduku la barafu likaanguka, mfuniko ukafunguka. Barafu yote ikamwagika kwenye tope.

Nilikusanya vichupa vya chanjo kwa mikono. Nikavirudisha na barafu kiasi nilichookota, pamoja na matope yake. Vijana waliokuwa wanalima maharage walikuja kunisukuma. Wamenisaidia sana, Mungu awalipe, lakini ilichukua muda, na jua lilikuwa limeshatoka kali. Nilipofika juu, sanduku lilikuwa na maji ya vuguvugu.

Chanjo ya surua haivumilii joto. Ningeweza kuchoma tu. Hakuna ambaye angejua. Wangerudi kwao wanafurahi, na kinga wasingekuwa nayo. Nimevimwaga vichupa vyote mbele yao na kuwaeleza. Wengine hawakuelewa Kiswahili changu, mwalimu wa shule ya pale akanitafsiria kwa Kiha. Nyuso zile.

Anjelina alikuwa wa kwanza kwenye foleni, kama nilivyomwambia. Mapacha wote wawili mgongoni na kifuani. Alifunga tu kanga upya, akaondoka.

Naichukia hii gari.

Jumatano, 12 Novemba

Lugendo ameitangaza habari barazani, mbele ya watu wote. Kliniki ya Munanila imesimama mpaka apatikane dereva. Hakusema dereva mwanamume. Kila mtu alisikia hivyo.

Nikamwambia gari linamisi, linasita likiombwa nguvu, nimeshamweleza.

"Mimi niliendesha haikumisi."

"Ulikwenda sokoni."

"Zaituni, umeingiza gari ya serikali mtaroni. Tushukuru hukufa. Basi."

Niliondoka kwa sababu machozi yalikuwa karibu, na sitaki ayaone. Si machozi ya huzuni. Ni hasira. Zangu zinatokea njia hiyohiyo, nimezaliwa hivyo.

Alhamisi, 13 Novemba

Nimekwenda Kabanga kumtazama Mzee Hamisi. Anakaa kitandani sasa, anakula uji. Nilimpelekea machungwa. Nikamweleza yote. Nilitegemea aniunge mkono. Ameshika usukani wa gari lile tangu likiwa jipya.

Alisikiliza vizuri. Akauliza likishakolea mwendo linakata tena? Hapana, mzee. Likiwa limesimama, ukilivumisha? Linavuma vizuri tu. Akatingisha kichwa.

"Mwanangu, mimi haijapata kunifanyia hivyo."

Hakusema kwa ubaya. Lakini imeniuma kuliko kicheko cha barazani. Nimerudi kwa miguu sehemu kubwa ya njia, na nusu yangu imeanza kuamini kwamba kweli ni mguu wangu. Labda naachia klachi vibaya. Labda Baba alinifundisha vibaya. Labda nimezoea vibaya.

Jumamosi, 15 Novemba

Si mguu wangu.

Lugendo yuko Kigoma. Nimechukua gari kwenda kwa Deo, fundi wa nyuma ya soko. Ni mkimbizi kutoka Burundi, alivuka na mke na watoto miaka ile ya machafuko. Kule kwao alikuwa na gereji ya kweli, yenye shimo la kuingia chini ya gari. Hapa ana turubai, meza, na vyombo alivyokusanya kimojakimoja. Maneno yake ya gari ni ya Kifaransa. Plagi ni buji. Distributa ni deliko. Mwanzoni hatukuelewana kabisa. Tukawa tunaelekezana kwa vidole.

Nikampakia, tukapanda mlima wa Kabanga. Nikakanyaga. Kwikwi. Nikamwambia akae yeye kwenye usukani. Akakanyaga. Kwikwi.

"Ehe! Nimesikia, Sista. Iko mgonjwa kweli."

Ningeweza kumkumbatia. Mtu wa kwanza.

Ameifungua kabureta yote, ameipanga vipande juu ya sinia la mkewe. Akapuliza kila kitundu. Akanionyesha pampu ndogo inayorusha petroli ukikanyaga ghafla, akasema ikichoka hiyo gari husita hivyohivyo. Ilikuwa nzima, lakini ilikuwa na utando wa takataka. Akaisafisha, akarudishia.

Tukajaribu. Likapanda. Mara ya kwanza bila kusita, mara ya pili bila kusita. Nimeimba njia nzima kurudi nyumbani.

Jumatatu, 17 Novemba. Kibondo

Nimeimba mapema mno.

Chanjo imekwisha Kasulu, tumekuja kuchukua hapa Kibondo. Lugendo ana shughuli zake huku, akasema ataendesha yeye. Nikakaa upande wa abiria kama mgeni. Sikusema habari za Deo. Nilitaka tu gari liende.

Mpaka mtoni Malagarasi lilikwenda. Baada ya daraja barabara inapanda msituni, na mbele yetu kulikuwa na lori la tumbaku. Lugendo akataka kulipita. Akakanyaga. Gari likakata pumzi, sawasawa na ninavyolijua, likatuacha ubavuni mwa lori, vumbi tupu, hatuoni mbele. Akakanyaga tena, likaruka. Tulipopita alikuwa anatoka jasho.

Nilingoja. Nikasema sasa atasema. Lazima aseme.

Akasema, "Umeona? Umeshaiharibu. Gari ikiendeshwa vibaya inajifunza tabia mbaya."

Nilitazama nje. Mbung'o walikuwa wanagonga kioo. Kama ningefungua mdomo ningefukuzwa kazi pale pale porini.

Alilalamika kichwa kinamuuma, akaniachia usukani mpaka Kibondo. Mimi niliyeliharibu.

Jumanne, 18 Novemba. Kibondo

Leo ingekuwa Munanila.

Fundi wa hapa amesema ni pointi za ndani ya distributa. Amebadilisha pointi na kondensa, kafunga kofia ya distributa, kanawa mikono. Hakutaka hata kujaribu barabarani. Nimejaribu mwenyewe nyuma ya kituo cha petroli. Limesita.

Plagi, chujio, kabureta, pointi, kondensa. Sijui tena nitazame wapi. Nimekaa kwenye ngazi za nyumba ya wageni nikitafuna muhogo wa kuchoma na sijisikii kula.

Mwalimu wa Munanila yuko hapa Kibondo kwa mkutano wao. Nimekutana naye njiani. Surua imefika kwao. Amesema mapacha wa Anjelina wameugua wote wawili. Butoyi amekufa Jumapili.

Labda hata ile Jumanne ya tope chanjo isingemfaa. Labda alikuwa ameshaambukizwa. Najua kitabu kinavyosema. Kitabu hakinisaidii.

Jumatano, 19 Novemba. Kasulu

Niandike haraka kabla sijasahau mpangilio wake.

Tumeondoka Kibondo asubuhi, mimi naendesha, Lugendo amelala na kofia usoni. Chanjo nyuma, barafu imejaa mpaka juu, nimelifunga sanduku kwa kamba kwenye viti. Linasita kila ninapolikanyaga. Nimezoea. Nakanyaga taratibu kama anayemwamsha mgonjwa.

Baada ya Malagarasi kuna sehemu yenye mashimo. Tulirushwa vibaya. Baada ya hapo nikaona tofauti. Gari limekuwa zito, linapanda kwa uvivu, lakini halisiti. Nikakanyaga ghafla kwa makusudi. Zito, ila halisiti. Mara nyingine. Halisiti. Nikaogopa kupumua.

Makere nikasimama, nikafungua boneti. Kuna bomba dogo jembamba linalotoka kwenye kabureta kwenda ubavuni mwa distributa. Lilikuwa limechomoka, linaning'inia. Nikafikiri, hili ndilo lililolifanya gari liwe zito. Nikalirudishia vizuri, nikaondoka.

Uzito ukaisha. Kwikwi ikarudi.

Nikasimama tena. Nikalichomoa. Kwikwi ikaisha. Lugendo akaamka akauliza tumefika? Nikamwambia bado, lala. Nikalirudisha. Kwikwi. Nikalichomoa.

Nimekuja nalo hivyohivyo mpaka Kasulu, zito, linakunywa petroli kama ng'ombe, bila kusita. Sijui maana yake. Lakini kwa mara ya kwanza ugonjwa unanitii. Naufungua na kuufunga kwa vidole vyangu viwili.

Alhamisi, 20 Novemba

Nimefika kwa Deo kabla hajatandika vyombo. Salamu yake ya asubuhi, bwakeye, sikuijibu hata, nikaanza kueleza. Bomba. Likichomoka, linapona. Likirudi, linaugua.

Akasema bomba hilo ni la pumzi. Ukikanyaga mafuta au ukiachia, pumzi ya injini inavuta kitu kama ngozi ya ngoma ndani ya kikopo, na kikopo kinazungusha sahani ndogo ndani ya deliko, ili moto wa plagi uwahi au uchelewe. Ngozi ikipasuka, gari inakuwa nzito tu. Kwa hiyo akasema ngozi imepasuka. Nikasema sawa, lakini uzito ni bila bomba, na kwikwi ni pamoja na bomba. Ngozi ingekuwa imepasuka, bomba lisingekuwa na tofauti.

Akanitazama. "Ni kweli, Sista."

Akafungua kofia ya distributa. Akaniambia nyonya.

"Ninyonye nini?"

"Bomba. Kwa mdomo. Mimi nitaangalia ndani."

Basi Zaituni, nesi wa watu, nimesimama nyuma ya soko la Kasulu nanyonya bomba la gari, ladha ya petroli na kutu mpaka kooni, wauza dagaa wanashangaa. Ngozi nzima. Sahani inazunguka. Naachia, inarudi. Nanyonya, inazunguka.

Deo hakuona kitu. Akasema iko nzuri. Nikamwambia tubadilishane, nyonya wewe. Akanyonya, nikainama mimi. Ilinichukua muda kuona. Kuna waya mfupi, mwembamba kama utambi, unaotoka ukutani mwa distributa kwenda kwenye pointi. Sahani ikizunguka, waya unavutwa. Ngozi yake ya nje nzima kabisa. Lakini ulipovutwa ulikunjika mahali pamoja, kali, kama kidole kilichovunjika ndani ya glovu. Waya mzima haukunjiki hivyo. Waya mzima unapinda.

Nikaugusa kwa kibanio cha nyusi. Mahali pale palikuwa laini, hapana kitu ndani.

"Deo. Njoo uone."

Akaukata. Akauchuna ngozi. Nyaya ndogo za ndani zote zilikuwa zimekatika, ncha zinagusana tu. Sahani ikitulia, zinagusana. Sahani ikizunguka, zinaachana, moto unakatika. Sahani ikifika upande wa pili, zinagusana tena, na gari linaruka. Ndiyo kwikwi. Ndiyo yote. Kipande cha waya kifupi kuliko kidole changu cha mwisho.

"Mana yanje," akasema Deo, Mungu wangu kwa lugha ya kwao. Akakaa chini kwenye kopo lake. Fundi wa Kibondo alikuwa ameushika waya huo kwa mikono yake alipobadilisha pointi. Mimi mwenyewe niliutazama.

Deo ametoa waya laini kwenye redio iliyokufa, wenye nyaya nyembamba nyingi zinazoweza kupinda na kupinda, akauchomelea kwa risasi ya kuyeyusha, chuma amekipasha kwenye jiko la mkaa. Akarudisha kofia. Nikarudisha bomba mwenyewe.

Mlima wa Kabanga. Nikakanyaga kwa hasira zangu zote tangu mwanzo wa mwezi. Likapanda kama limesukumwa mgongoni. Nikarudi chini, nikapanda tena. Deo alikuwa anacheka kwa sauti. Mimi sikucheka. Nilikuwa namfikiria Butoyi.

Ijumaa, 21 Novemba

Asubuhi nimekwenda ofisini kwa Lugendo. Sikukaa. Nimemwambia gari limepona, chanjo ipo, barafu ipo lakini haitangoja, naomba kwenda Munanila leo.

"Nilisema mpaka apatikane dereva."

"Basi njoo uendeshe wewe. Mimi nitachanja."

Alitazama nje, mvua ilikuwa imeanza. Akatazama viatu vyake. Akasema nenda, lakini ukikwama usinitafute.

Mlima ulikuwa na tope kuliko siku ile. Kona ya mikaratusi nikashika usukani sawasawa. Nikakanyaga. Likavuta. Likavuta tu, bila maneno, mpaka kanisani.

Mwalimu akapiga kengele ya shule, wakaja kutoka kila upande. Nimechanja mpaka vidole vimekufa ganzi. Wengine nimewakuta wameshatoka vipele, hao nimewapa dawa ya macho na kuwaelekeza mama zao kuhusu maji na uji.

Anjelina hakuja. Nikamfuata. Nyumba iko bondeni, ilibidi niache gari juu. Bukuru alikuwa amelazwa mkekani, anapumua kwa mbavu, midomo imepauka. Nimonia juu ya surua. Anjelina alikuwa amekaa karibu naye hafanyi kitu chochote, mikono mapajani. Nikamwambia Kabanga. Sasa hivi. Akajibu kwa Kiha, taratibu. Sikuelewa yote. Nilielewa jina la Butoyi, na nilielewa neno gari.

Alikuwa analiogopa gari. Au alikuwa ananiogopa mimi.

Nimembeba mtoto mwenyewe. Akanifuata.

Sikumbuki mengi ya njia. Nakumbuka kwamba kila panapopanda nilikanyaga mpaka mwisho, na kila nilipokanyaga nilipata nilichoomba. Kabanga wamempokea wakamwekea oksijeni. Anjelina amebaki naye.

Nalala.

Jumapili, 23 Novemba

Bukuru anapumua vizuri kidogo. Hajanyonya bado.

Nimesikia barazani Lugendo akimweleza mgeni kutoka Kigoma kwamba gari lilikuwa na kasoro ya umeme, na yeye tangu mwanzo alihisi ni umeme.

Nilikuwa na kikombe cha chai mkononi. Nilifikiria kukitumia. Nikanywa tu.

Jumanne, 25 Novemba

Munanila, kliniki ya kawaida. Mzee Hamisi ametoka hospitali, daktari amemkataza kuendesha wala kunyanyua kitu mpaka mwaka mpya. Akaomba nimchukue, atakaa tu mbele apate hewa. Nilijua anataka kulisikia gari.

Nilipanda mlima ninavyopanda mimi. Juu kule akacheka peke yake.

"Mimi mlima huu napanda gia ya kwanza, mafuta kidogo kidogo, tangu chini. Wewe unaukimbilia."

"Nakosea, mzee?"

"Hapana. Nasema waya ule huenda ulikuwa unakatika hata mikononi mwangu. Ila mimi sikuwahi kuiomba gari kitu kwa haraka, nayo haikuwahi kuninyima. Nilikwambia haijapata kunifanyia hivyo. Kumbe sikuwahi kuiuliza."

Kwa hiyo ulikuwa mguu wangu kweli, kwa namna fulani. Mguu wangu uliokuwa na watoto wanaongoja mlimani. Sijui kama hilo linanifurahisha. Linanichanganya. Angalau yeye amesema mbele yangu.

Ijumaa, 28 Novemba

Mvua. Magurudumu mawili ya nyuma yamekwisha. Lugendo anasema hakuna mapya. Nimemwambia sawa, basi nitakuja kukuuliza tena kesho na keshokutwa. Akasema ataona.

Bukuru ananyonya.

Jumanne, 2 Desemba

Bukuru ameruhusiwa. Nimepita Kabanga kuwachukua nikiwa njiani kwenda kliniki. Anjelina alikuwa ameshaoga, amemfunga mtoto mgongoni, anangoja getini na kikapu. Nikamwonyesha kiti cha mbele. Akasita, kisha akamshusha mtoto mgongoni, akapanda naye.

Hatukuwa na maneno mengi, Kiha changu na Kiswahili chake vyote vichache. Alinionyesha shamba la kaka yake. Alinionyesha mahali walipochimba kaburi, kwa kidevu tu, juu ya migomba. Nilipunguza mwendo pale. Hakuniomba. Akatazama mpaka migomba ikalificha.

Bukuru amekonda, macho makubwa. Alishika kifundo cha gia akakishikilia, ikabidi nibadilishe gia na mkono wake juu yake. Baadaye akalala kifuani kwa mama yake, mdomo wazi.

Mlima ulikuwa mkavu leo. Nimeupanda gia ya kwanza, polepole. Si kwa ajili ya gari. Mtoto alikuwa amelala.